Siku ya Kutia Saini Zamu

Juma lililopita nilitimiza miaka 45, na kabla keki haijakatwa shemeji yangu alikuwa amekwisha kunikumbusha kwamba sasa ninaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yangu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, kwa kuwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inamruhusu mwanachama wa umri huo aliyechangia kwa miaka 10. Wenzangu mezani walianza kuzipangia fedha hizo matumizi. Mimi nilimkumbuka yule Mzee wa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, karani mwenzetu ambaye alikuwa amepita miaka 55 na bado akifanya kazi nasi, na siku aliyoletewa karatasi ya zamu.

Ilikuwa mwaka 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilikuwa zimeziba njia ya mizigo kutoka Mombasa, Uganda ikakosa mafuta, na barabara ilipofunguka matrela yakafurika mpakani. Meneja mpya, kijana aliyetoka Kampala, akatangaza zamu ya usiku kwa makarani wote: saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, siku sita kwa wiki. Alitueleza kwa fahari kwamba hakuna atakayebaguliwa, awe Mteso au Mganda, mwanamke au mwanamume, mzee au kijana.

Karatasi ikazunguka. Ilipomfikia Mzee, alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa tena, kisha akaisoma karatasi kuanzia nembo ya kampuni hadi mstari wa mwisho, huku meneja akigongagonga meza kwa funguo za gari. Akafungua kalamu. Sote tulidhani anasaini. Kumbe alikuwa akipiga hesabu pembeni, kwa mwandiko ule ule aliojazia hati za forodha kabla ya kompyuta kufika ofisini: 12 mara 6. Akaipigia mstari 72, na chini yake akaandika 48, kisha 56.

“Bosi,” alisema, kwa heshima isiyo na utani ndani yake, “Sheria ya Ajira ya 2006 inataja saa 48 kwa wiki, na hata tukikubaliana kuziongeza, zisipite 56. Tena mama watoto wangu ana sukari, na sindano ya jioni namchoma mimi. Niandikie mchana, hata Jumapili nitakuja.”

“Mzee, kama umechoka sema tu.”

“Sijachoka. Nina nyumba.”

Baadhi ya wenzangu walinong’ona kumuunga mkono. Mimi nilimkasirikia, na hadi leo naona nilikuwa na sababu: likizo yangu ya uzazi, zile siku nne za kazi ambazo sheria hiyo hiyo humpa baba, ilikuwa imekwisha, nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga, na posho ya usiku ndiyo ingelipa kodi. Mtu aliyekwisha kusomesha wanawe, nilijiambia, ana nafasi ya kuhesabu saa.

Aliachiwa mchana kwa muda, na mkataba wake ulipokwisha haukufanywa upya; barua haikutaja zamu wala umri. Sisi wengine tulikesha hadi foleni ikapungua, na zamu ikabaki hata foleni ilipokwisha.

Siku hizi ninayepanga zamu ni mimi, mahali pengine, na karani mmoja wa miaka 58 ameniomba nimwondoe usiku. Nikimwondoa, saa zake zinawaangukia vijana wawili wenye watoto wadogo; mmoja amenieleza bila kuficha kwamba anazitaka, mwingine hata kuzisikia hataki. Nimemwandikia mzee huyo mchana kwa mwezi huu. Ratiba ya mwezi ujao inatakiwa ubaoni Ijumaa, na bado sijaijaza.