Mlinzi wa nguo

Jumamosi, saa nne usiku. Kesho alfajiri saa kumi na moja Noah inatupitia hapa Mwanga, Kigoma, tunakwenda Ilagala kuvua kwenye mto Malagarasi. Begi liko mlangoni, ndoo ya chumvi iko juu ya begi, na mimi nimekaa barazani na kalamu wakati mwenye akili angekuwa amelala.

Safari yenyewe ilizaliwa kijiweni. Dogo mmoja wa bodaboda alikuwa na video kwenye simu: watu wa Kanada, mto Fraser, wanavuta samaki mrefu kuliko kitanda changu. Wanamwita stajeni. Ana sharubu kama kambare, mgongoni amepangwa mabamba ya mfupa badala ya magamba, na inasemekana anaweza kuishi zaidi ya miaka mia. Wanaume wazima watatu wamesimama ndani ya maji wamemkumbatia, wanacheka, wanapiga picha. Kisha wanamwachia, anaondoka zake.

"Wanamrudisha?" Fundi cherehani aliinuka kabisa kwenye kigoda. "Na petroli waliyochoma?"

Tukacheka mpaka muuza kahawa akaja kuuliza kuna nini. Shemeji ndiye aliyesema, hata sisi mto tunao, sharubu zipo, na wa kwetu hatumrudishi. Ndani ya wiki moja lilikuwepo daftari, na jina langu juu yake: mhazini. Hakuna aliyepiga kura. Kwenye kila jambo, la msiba au la harusi, fedha zinaletwa kwangu tu.

Mke wangu aliposikia aliuliza swali ambalo nusu ya mtaa wameliuliza. Ziwa liko hapo chini, ukitema mate yanafika, mnakwenda mtoni kutafuta nini? Ni kama mtu wa Tabora kusafiri mpaka Dar kununua asali. Sikuwa na jibu zuri. Ziwani kwetu uvuvi ni kazi. Ni karabai usiku wa giza, dagaa, migebuka, mikopo ya nyavu, na mwaka 2024 walipofunga ziwa miezi mitatu kuanzia Mei 15, kila nyumba ilijua maana yake. Mtu haendi kazini kwa jirani kujiburudisha. Mtoni na ndoano unakaa tu. Nadhani ndicho tunachokitaka, kukaa tu, ila mwanaume mwenye familia hawezi kuomba ruhusa ya hivyo.

Ticha, ambaye anafundisha jiografia, ana sababu yake kubwa zaidi. Anasema Malagarasi ni mkongwe kuliko Ziwa Tanganyika. Kabla bonde la ufa halijazama na kujaa maji, mto huu ulikuwa unaendelea magharibi mpaka Kongo, na ndiyo maana hadi leo ndani yake wamo samaki wenye ndugu zao kule Kongo ambao humu ziwani huwakuti. Aliieleza vizuri, akichora kwenye vumbi kwa kijiti. Akafika kwenye ziwa, akachimba shimo kwa kisigino: "Kina chake mita 1,470. Duniani ni la pili, baada ya Baikal."

Wenzangu walikuwa wanauliza habari za samaki. Mimi nilibaki na ile mita elfu moja na mia nne na sabini.

Wiki nzima hii jioni zangu zimekuwa za ndoano. Zangu zilikuwa kwenye kopo la maziwa tangu sijui lini, zimeshika kutu. Nimezilaza kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, nikazisugua, kisha nikazinoa moja moja kwenye jiwe la kisu. Kipimo nilikijua tangu utotoni: unaiburuta ncha kwenye ukucha wa dole gumba. Ikiteleza, bado. Ikikwama na kuacha mchirizi mweupe, imeiva. Kati ya ishirini na mbili zimeiva kumi na tano, na ukucha wangu sasa hivi unafanana na ubao wa mtoto wa darasa la kwanza. Chubwi hatukununua, Fundi alileta nati za baiskeli, mfuko mzima, akamfungia kila mtu zake kwenye mshipi.

Chambo ni ugomvi. Shemeji anaamini minyoo, na amechimba kopo zima kwenye migomba nyuma ya bafu lake, pale maji machafu yanapotuama. Amewafunika na udongo mbichi na anawachungulia kila saa kama kuku anayeatamia. Dogo wa boda anasema dagaa waliochacha. Mzee wa Ilagala, mwenye mtumbwi, aliposikia kwenye simu alicheka akasema tulete vyote, ila tusisahau kipande cha sabuni ya mawese, kambare anaifuata sabuni kuliko nyama. Nilidhani ni utani. Nimekata kipande, nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni, na mke wangu amekiandika kwenye hesabu yake ya vitu vilivyotoka jikoni bila kibali.

Halafu kuna Fundi mwenyewe. Fundi ni Msabato. Kwa sababu yake tunaondoka Jumapili na si leo, na hilo hakuna aliyelalamika. Lakini kambare hali, kwa kuwa hana magamba. Yaani amelipa mchango, amefunga nati zote, anakwenda kuvua samaki ambaye hatamwonja. Nilimuuliza. Akasema, "Nashona magauni pia, siyavai."

Sasa fedha, maana ndiko nilikokuwa naelekea nikawa nazunguka. Mchango elfu thelathini kila mtu, jumla laki moja na themanini. Gari kwenda na kurudi elfu themanini. Mtumbwi wenye mashine, pamoja na petroli, elfu sitini. Unga wa muhogo, mawese, kuku wawili wa tahadhari, maji, mkaa, elfu arobaini. Imekwisha, haibaki hata ya vocha. Mtumbwi umesajiliwa na una leseni, hilo nilihakikisha mapema kwa sababu sitaki kusimamishwa mbele ya watu. Tatizo, jaketi okozi ni nne na sisi ni sita, bila kumhesabu Mzee na kijana wake wa mashine, ambao wana zao.

Jumatano nikaitisha kikao, nikasema kila mtu aongeze elfu kumi tununue mbili. Zipo za mtumba, elfu thelathini moja.

Nilizomewa. "Sisi tumekulia majini," alisema Shemeji. "Mto wenyewe mwisho wa kiangazi, maji yamepungua, utatembea kwa miguu." Dogo akasema hiyo elfu sitini ni mbuzi mdogo. Nikasingizia sheria. Nikasema chombo hakiruhusiwi kubeba mtu bila jaketi, na hilo ni kweli. Ila nililisema kwa sauti ya juu mno, kama mtu anayetetea roho yake, na Ticha akanitazama kidogo. Mwishowe wakatoa, kwa kunung'unika. Jaketi moja ina doa la rangi ya boti, nyingine zipu yake inakwama katikati. Nimeipaka mshumaa, inapanda.

Ninachoandika sasa sijawahi kukiandika popote. Mimi sijui kuogelea.

Nimezaliwa Ujiji. Nyumba yetu ilikuwa dakika kumi kutoka ufukweni. Nikiwa na miaka sita mtoto wa jirani alizama, akapatikana siku ya pili, na tangu siku hiyo mama alikuwa anatukagua jioni. Anakwangua mkono kwa ukucha. Ngozi iliyoogelea inatoa mchirizi mweupe, huwezi kuificha. Wenzangu walipigwa wakarudi majini kesho yake. Mimi nilipigwa mara moja tu, ikatosha.

Lakini kukaa nyumbani wakati wote wameshuka ziwani ni aibu. Kwa hiyo nilikuwa nashuka nao, nikajitafutia cheo. Nililinda nguo. Wao wakiruka kutoka kwenye mitumbwi, mimi nimekaa mchangani na lundo la kaptura, najua ipi ya nani, ipi ina shilingi mfukoni na ipi imetoboka. Haikupotea hata moja. Mama zao walinisifu. "Yule mtoto mwaminifu." Mtu akiwa na embe, ananipa nishike. Akiwa na hela ya unga, ananipa nishike. Hivyo ndivyo nilivyoanza kushika vya watu, na daftari la kijiwe lilipokuja mikononi mwangu mwezi uliopita, nilihisi mchanga ule ule chini ya makalio.

Hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua kuogelea. Nani amuulize mtu wa Ujiji?

Mpaka Alhamisi. Mzee alipiga simu kupanga mambo ya mwisho. Nikamwamkia, akaitika, akaanza masharti yake. Mikono isining'inie nje ya mtumbwi, mamba wapo. Samaki hawaparuliwi ukingoni pale pale mnapokaa, damu inaita. Saa kumi jioni mshipi unakunjwa, viboko wakianza kupanda malishoni sisi tuwe tumeshatoka njiani mwao. Kambare akitua mtumbwini asishikwe na mtu yeyote ila yeye, kwa sababu ana miiba kwenye mapezi ya mbavuni, na mgeni akichomwa anarusha mikono na kuyumbisha chombo. Nilikuwa naandika kwa haraka. Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Wanaojua kuogelea wangapi?"

"Wote, Mzee."

"Wote sita?"

"Wote."

Akasema vizuri, akakata.

Tangu hapo sijalala sawasawa. Jana nilikuwa Kibirizi kununua barafu ya kujaribia ndoo kama haivuji, na ziwa lilikuwa limetulia kama sahani, watoto wanaruka kutoka kwenye boti za dagaa zilizoegeshwa. Pembeni kwenye changarawe kulikuwa na lundo la nguo, halina mlinzi. Nilisimama pale muda mrefu kuliko barafu ilivyoweza kuvumilia.

Nimewaza kusema naumwa. Homa ya ghafla, nani atapinga. Lakini daftari liko kwangu, hela ya gari iko kwangu, minyoo ya Shemeji imehamia kwangu tangu jioni kwa sababu kwake kuna bata. Kwa kweli hata hivyo nataka kwenda. Nataka kuuona mto ulio mkongwe kuliko ziwa. Nataka mara moja kuwa ndani ya chombo na si kwenye nguo.

Saa tatu usiku huu nilimpigia. Niliogopa amelala, akapokea mlio wa kwanza.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Kuna nini, gari imeharibika?"

"Hapana. Ulipouliza wanaojua kuogelea. Ni watano."

Kimya. Nikasikia mbwa wake, na mtu anasukuma kitu kizito, labda mashine.

"Nani asiyejua?"

"Mimi."

Nilitegemea swali la pili, lile la kwenu si Ujiji. Nilikuwa na jibu nimeliandaa, refu, lenye mama na mtoto wa jirani ndani yake.

"Basi utakaa katikati," alisema, "mbele yangu, uso kwangu. Na hayo magambuti mliyosema mnakuja nayo, wewe usivae. Yakijaa maji ni jiwe la mguuni. Njoo na ndala." Akakohoa. "Mkono wa jaketi yako uwe na zipu inayofunga."

Jaketi haina mikono, lakini nilimwelewa.

Nimeyatoa magambuti, nimeyarudisha uvunguni. Ndala ziko juu ya ndoo ya chumvi. Ile jaketi yenye zipu ya kukwama niliyokuwa nimempangia Dogo nimeijaribu tena mara tatu, nikaamua nitavaa ile yenye doa, na Dogo nitamkagua zipu mimi mwenyewe kabla hatujapanda. Kopo la minyoo linatoa sauti ndogo, kama mtu anatafuna mchanga. Saa tano kasoro.