Sungura wa Peter na Mbwa wa Kibosho

Juzi mtoto wa dada yangu, ambaye sasa ameanza kuota ndevu, alinipigia simu kuniuliza ni mguu upi aliwahi kung'atwa na mbwa. "Mama mdogo, ni wa kulia au wa kushoto? Mimi sikumbuki kabisa." Nilimjibu, lakini simu ilipokatika niliendelea kukaa palepale, kwa maana likizo ile aliyoisahau yeye ndiyo iliyonifundisha somo ambalo sijalimaliza hadi leo.

Wakati huo nilikuwa nikisoma saikolojia ya ujifunzaji na tabia kwa njia ya mtandao, usiku baada ya kazi, chumbani kwangu Majengo, Moshi, bando la usiku linapoanza. Hapakuwa na ratiba. Kila mtu alikwenda kwa mwendo wake, ila somo jipya halikufunguka kabla hujafaulu jaribio la lililotangulia. Utaratibu wa namna hiyo ulitetewa na mwanasaikolojia Fred Keller huko Marekani mwaka 1968, kabla ya intaneti, na mimi ninaupenda kwa moyo wote, kwa sababu unamruhusu mtu kusimama. Nilikuwa nimewapita mbwa wa Pavlov, waliojifunza kutokwa na mate kwa ishara ya chakula tu, na paka wa Thorndike, waliojifunza kujifungulia kizimba kwa kujaribu na kukosea. Nilipofika kwa mwanasaikolojia Mary Cover Jones nikasimama.

Mwaka 1924 Jones alichapisha habari za Peter, mtoto ambaye alianza kushughulikiwa kabla hajatimiza miaka mitatu, na ambaye aliogopa sungura. Kwanza alichezeshwa pamoja na watoto wasioogopa, akaendelea vizuri. Kisha akaugua, na alipokuwa akitoka hospitali mbwa mkubwa akamrukia, hofu ikarudi. Ndipo Jones alipoanza kumleta sungura akiwa ndani ya kizimba wakati Peter anakula chakula anachokipenda, kwa umbali usiomkatiza kula, akimsogeza kidogo kidogo kadiri mtoto alivyostahimili, hadi Peter akaweza kumshika.

Nami nilikuwa na Peter wangu, huyo mtoto wa dada, Kibosho kwa mama. Alikuwa ameng'atwa mjini, akachomwa sindano za chanjo ya kichaa cha mbwa, na nyakati nyingine nadhani sindano zilimtia hofu kuliko meno yenyewe. Akisikia tu mnyororo wa Popi, mbwa wa mama, alipiga kelele na kukimbilia ndani.

Jioni moja nilimketisha kwenye kigoda mlangoni pa jiko, nikampa ndizi mbivu na kikombe cha maziwa. Popi alikuwa amefungwa kwenye mparachichi, ng'ambo ya mibuni. Mtoto alikula vizuri mpaka mbwa alipojinyoosha na mnyororo ukalia. Taya zikasimama, ndizi ikabaki shavuni, macho yakanigeukia. Sikumwambia asiogope, maana hakuna aliyewahi kuacha kuogopa kwa kuambiwa. Nilinyamaza tu na kungoja. Wakati huo mama akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akampapasa Popi kichwani kwa mkono uliokuwa huru, akaendelea na safari yake ya zizini bila kututazama. Mtoto alimfuata kwa macho hadi alipotoweka nyuma ya migomba. Kisha akaanza kutafuna tena, akainuka, akakishika kigoda kwa mikono yote miwili na kukisogeza mbele, labda shubiri moja, akaketi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka: kabla ya shule kufunguliwa alikuwa akimpelekea Popi ugali wake mwenyewe.

Niliporudi kwenye masomo, jaribio liliuliza ni nini kilichoiondoa hofu ya Peter. Nilichagua kuhusishwa kwa kichocheo cha hofu na raha ya chakula, nikapata alama, mlango wa somo linalofuata ukafunguka. Huko nikakutana na mwanasaikolojia Albert Bandura na jaribio lake la mwaka 1961, ambamo watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere walielekea kumpiga vilevile bila kupewa zawadi yoyote. Walijifunza kwa kutazama. Nikaukumbuka mkono wa mama juu ya kichwa cha Popi. Jones naye, hata alipoanza kutumia chakula, hakuwaacha kabisa watoto jasiri, kwa hiyo hata kwa Peter nyuzi hizo mbili zimesokotana. Ilikuwa ndizi, au ulikuwa mkono ule, au ni kwamba kigoda kilisogezwa na mwenye hofu mwenyewe? Mimi huelekea kwenye hilo la tatu, ingawa halikuwemo miongoni mwa majibu ya kuchagua.