Namna Nilivyotuliza Kelele za Pampu ya Vakyumu na Kuzuia Oili Isirudi Nyuma

Kwa miaka 11 nimekuwa nikifunga na kutengeneza viyoyozi na vyumba vya ubaridi jijini Dar es Salaam, na katika muda wote huo hakuna chombo kilichonisumbua kama pampu ya vakyumu, ile inayonyonya hewa na unyevu kutoka kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi. Ilinisumbua kwa mambo mawili, ambayo nilidhani hayahusiani kabisa: kelele za kugonga pale inapofikia kina kirefu cha ombwe, yaani hewa inapokaribia kuisha ndani, na oili yake kurudi nyuma mpaka kwenye mtambo pale umeme unapokatika. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba yote mawili yana chanzo kimoja.

Tatizo la oili ndilo lililonitia hasara kwanza. Nilikuwa nimefunga mtambo wa chumba cha samaki karibu na Feri, nikaiacha pampu ikinyonya, nikaenda kula. Wakati naendelea kula umeme ulikatika kwa muda wa robo saa hivi, na niliporudi nikakuta kioo cha kupimia oili kwenye pampu ni kitupu kabisa. Nilipofungua hosi ya njano, oili ilitiririka juu ya viatu vyangu. Iliyobaki ilikuwa imekwishaingia kwenye mabomba ya mtambo uliokuwa ukitumia kompresa yenye oili ya aina nyingine, isiyotakiwa kuchanganyika na oili ya madini ya pampu. Nilisukuma nitrojeni mara kadhaa, nikabadilisha kichujio cha kukaushia, na kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu, kwa malipo yale yale.

Kelele nazo zilinifedhehesha mbele ya watu. Nilikuwa nikifanya kazi usiku katika nyumba moja ya wageni, maana mchana vyumba havikuwa wazi, na baada ya kama dakika 40 pampu ikaanza kutoa mlio mkali wa chuma kugonga chuma, usiokatika. Msimamizi alitoka akiwa amevaa kanga begani, akaniambia, “Fundi, samahani, wageni wanauliza kama kuna mashine ya kukoboa mahindi huku nyuma.” Niliizima. Kesho yake niliifungua pampu nzima nikiamini kwamba vibapa, yaani vile vibati vinavyosukuma hewa ndani yake, vimevunjika au chemchemi zake zimelegea, lakini kila kitu kilikuwa salama. Nikaifunga tena, nikaiwasha, na ikagonga vile vile.

Ili jambo lenyewe lieleweke, lazima nieleze kinachotokea ndani. Pampu ya aina hii ina rota iliyokaa pembeni ya kitovu cha silinda, na kwenye rota kuna mifereji ambamo vibapa viwili huteleza vikitoka na kuingia, huku ncha zake zikikwangua ukuta wa silinda. Oili inafanya kazi tatu kwa pamoja: inalainisha, inapoza, na inaziba mianya midogo kati ya kibapa na ukuta, kwa sababu hakuna chuma kinachoweza kuchongwa mpaka kisiachie nafasi yoyote. Hewa iliyonaswa inabanwa hadi inasukuma valvu ya kutolea, ambayo ni kibati chembamba kilichozama ndani ya oili, na kutoka.

Mwanzoni mwa kazi hewa ni nyingi, na pampu hutoa mlio wa kukoroma tu. Hewa inapokwisha, kinachobaki kubanwa mbele ya kibapa ni oili tupu, na oili haibanwi kama hewa. Inapigwa dhidi ya kile kibati kama nyundo, na kwa kuwa mota yangu inazunguka mara 1,440 kwa dakika, na vibapa ni viwili, hayo ni mapigo 48 kila sekunde. Ndiyo maana pampu nzima, iliyo na vibapa vizuri, huweza kugonga vikali kuliko iliyochakaa. Iliyochakaa inavujisha hewa kidogo, na hewa hiyo inakuwa kama mto wa kupokea pigo.

Mzee aliyenifundisha kazi ndiye aliyenipa kipimo rahisi. Nilipompigia simu kumweleza, alisema tu, “Mwanangu, iachie hewa kidogo usikilize.” Nililegeza kidogo nati ya hosi upande wa kuingilia, na mlio ukakatika papo hapo. Tangu siku hiyo sifungui pampu kabla ya kufanya hivyo: mlio ukikoma kwa hewa kidogo, ni oili inayogonga, ukiendelea, ni kibapa, beringi au kapilingi, kiungo cha mota na pampu.

Bila shaka siwezi kuacha nati imelegea, kwa kuwa hewa hiyo ingeingia moja kwa moja kwenye ninachonyonya. Pampu nyingi, hata hivyo, tayari zina njia ya kuingiza hewa baada ya kibapa kukata mawasiliano na upande wa kuingilia, yaani balasti ya gesi, aliyoibuni mwanafizikia Mjerumani Wolfgang Gaede mwaka 1935 ili mvuke wa maji usigeuke maji ndani ya pampu. Katika jiji lenye unyevu kama letu ni jambo la kushangaza kwamba mafundi wengi hawajawahi kukifungua kifuniko cha balasti hiyo. Tatizo ni kwamba kikifunguliwa chote, pampu haifiki kina kinachotakiwa. Kwa hiyo niliweka pale valvu ndogo ya sindano, nikawa naifungua polepole huku nikisikiliza na kusoma geji. Bila hewa pampu ilifika mikroni 60 (kipimo cha hewa iliyobaki, namba ikipungua ombwe ni zuri zaidi) ikigonga. Kwa upenyo mdogo mno, usioweza hata kupuliza karatasi, kugonga kuliisha na geji ikasimama kwenye mikroni 140. Mimi hulenga kushuka chini ya mikroni 500, hivyo sikupoteza kitu.

Hapo ndipo nilipogundua uhusiano. Nilikuwa nikijaribu kwa mtungi mtupu uliounganishwa kwa mpira mzito unaoonyesha ndani. Nilipozima pampu balasti ikiwa imefungwa, oili yenye rangi ya asali ilipanda mpirani taratibu, ikasita kwenye kona, kisha ikaporomokea upande wa mtungi. Balasti ikiwa wazi kidogo, ilipanda kiasi cha vidole vinne tu. Oili hairudi kwa hiari yake: kanieneo ya hewa iliyo juu yake tangini huisukuma kupitia ile mianya kwenda mahali pasipo na hewa. Ukiipa pampu hewa haraka mara inaposimama, kinachoisukuma oili kinatoweka.

Vidole vinne bado ni vingi, kwa hiyo nilifunga solenoidi mbili, yaani valvu zinazoendeshwa na umeme. Ya kwanza iko kati ya pampu na hosi, nayo hujifunga umeme ukikosekana. Ya pili, iliyo kati ya hiyo ya kwanza na pampu, hujifungua umeme ukikosekana na kuingiza hewa kupitia kipande cha sufi. Zote zimeungwa kwenye waya za mota. Nilikosea mara mbili. Solenoidi ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya aina inayotegemea tofauti ya kanieneo ili ifunguke, na kwenye ombwe haikufunguka kamwe. Inatakiwa inayovutwa na koili moja kwa moja, yenye tundu pana. Kisha nikaifunga mshale ukielekea kwenye pampu, kama akili inavyotuma. Umeme ukikatika, hewa sasa iko upande wa pampu na ombwe liko upande wa mtambo, na hewa hiyo ikaishinda chemchemi na kuinua kizibo. Niliigeuza mshale uelekee kwenye mtambo, ikashika.

Nyongeza moja ilikuwa kontakta (swichi inayoshikwa na umeme) yenye kitufe, ili umeme ukirudi pampu isijiwashe yenyewe kabla sijaangalia kiwango cha oili, kwa sababu pampu iliyojaa oili ndani ya silinda ikianza kwa ghafla huweza kuvunja kapilingi. Chini ya pampu nimeweka kipande cha tairi, ambacho kimepunguza mtetemo sakafuni, ingawa si sana.

Katika majaribio 10 niliyofanya kwa kuchomoa plagi, mpira ulibaki mkavu mara zote. Kazini umeme umenikatikia mara nne tangu hapo, na geji ilipanda kidogo tu, kutokana na unyevu uliobaki kwenye mabomba. Ninachoendelea kukichunga ni mvuke wa oili, ambao solenoidi haiwezi kuuzuia wakati pampu inafanya kazi. Kwa hiyo nikishafika kipimo nafunga valvu ya mkono, nazima, na siiachi pampu ikizunguka usiku kucha bila kazi.