Vichezeo vya kwenye basi: ninavyofunga mfuko wa watoto wawili kutoka Dar hadi Mbeya

Kichezeo cha safari hakipimwi kwa jinsi mtoto anavyokifurahia sebuleni. Kinapimwa kwa swali moja: kikimponyoka, kitaenda wapi? Mpira ukidondoka nyumbani unaokotwa. Kwenye basi unabingirika chini ya siti, unapita miguuni kwa abiria wanne, unaishia kwenye ngazi za mlango, na mtoto anabaki akilia kwa kitu anachokiona lakini hamwezi kukifikia. Tangu nianze kuchagua kwa swali hilo, mzigo wa midoli umepungua hadi mfuko mmoja wa zipu, sm 30 kwa 20.

Njia ninayoizungumzia ni Dar es Salaam hadi Mbeya, km 830 hivi kwa barabara, na watoto wawili: wa miaka 2 anayepakatwa, na wa miaka 5 mwenye siti yake. Basi likitoka stendi ya Magufuli kule Mbezi saa 12 asubuhi, jua linazama mkiwa bado njiani au mnakaribia. Wazazi wengi wakisikia safari ya kutwa nzima wanajaza begi. Ukitoa muda wa kulala, wa kula na wa kutazama dirishani, muda wa kushughulika unaobaki ni saa 5 au 6. Vichezeo 6 vinatosha, 3 kwa kila mtoto, mradi visitoke vyote kwa pamoja.

Cha kwanza cha mtoto wa miaka 2 hakinunuliwi. Chukua kopo la plastiki la siagi la gramu 500 na ulioshe mara mbili kwa maji ya moto na sabuni. Likibaki na harufu atalilamba safari nzima. Kwenye kifuniko kata mwanya wa urefu wa sm 7 na upana wa sm 1. Kisu cha baridi huacha kingo zenye meno, kwa hiyo pasha ncha yake motoni, kata polepole, kisha sugua kwa msasa laini. Kata kadi 12 za mraba wa sm 6 kutoka kwenye boksi gumu. Basi, umemaliza. Mtoto anatumbukiza kadi moja moja, anafungua kifuniko, anazimwaga mapajani, anaanza upya. Mtu mzima anachoka kutazama. Yeye hachoki, kwa sababu katika umri huo kurudia ndiyo mchezo wenyewe.

Watu hukosea mambo mawili hapa. Wanakata mwanya mpana, kadi inapita yenyewe bila kusukumwa, na baada ya dakika 3 mchezo umekwisha. Mwanya mwembamba unamlazimisha aigeuzegeuze kadi mpaka ielekeane na tundu, na dakika zinaliwa hapo. Kosa la pili ni baya zaidi: kutumia vizibo vya chupa za maji badala ya kadi. Vina rangi, vinagonga kopo vizuri, lakini vina upana wa karibu mm 30. Silinda inayotumika viwandani kupimia vichezeo vya watoto wa chini ya miaka 3 ina kipenyo cha mm 31.7, na kitu kinachoingia humo kizima kizima huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Kizibo kinaingia.

Nyumbani silinda hiyo huna, lakini kiini cha karatasi ya chooni unacho. Kina upana wa sm 4 hivi, yaani ni kikali kidogo kuliko kipimo chenyewe, na ni vizuri hivyo. Kitu kikipita humo, mdogo asikipate. Komwe za bao zinapita. Shanga zinapita. Gurudumu la kigari cha bei ndogo linapita, na gurudumu hilo huchomoka kwa kuvutwa tu, kwa hiyo pima kigari chenyewe kisha kipime kikiwa kimevunjika. Macho ya mwanasesere yaliyobandikwa kwa gundi yavute kwa nguvu zako zote kabla hujampa; yakikatika mkononi mwako, bora yakatike hapo kuliko mdomoni mwake. Ukikuta mwanasesere aliyeshonwa macho kwa uzi, mchukue huyo.

Betri nazitenga peke yake. Vichezeo vinavyowaka taa au kuimba mara nyingi vina zile betri bapa za duara, ndogo kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa 2, na njia hii ina sehemu ndefu ambazo hospitali si jirani. Kichezeo ambacho kifuniko cha betri hakina skurubu hakiingii kwenye mfuko. Sumaku ndogo hali kadhalika: zikimezwa mbili, zinavutana zikiwa kwenye matumbo na kubana ukuta wa utumbo katikati.

Vichezeo viwili vingine vya mdogo ni vyepesi. Kimoja ni vipande 6 vya kitenge vya sm 20 kwa 20, vimekunjwa ndani ya soksi, anavichomoa na kuvirudisha. Visifungwe pamoja kuwa kamba ndefu, kwa sababu kamba ndefu na shingo ya mtoto havikai siti moja. Kingine ni kitabu cha kurasa ngumu chenye picha kubwa, ambacho atakitafuna pembe; kubali mapema.

Wa miaka 5 anahitaji kitu chenye kazi ndani yake. Kinacholipa kuliko vyote ni selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, upana wa sm 2.5, pamoja na kigari kimoja. Anabandika barabara mgongoni mwa siti ya mbele, anaweka njia panda, anaweka daraja, anabandua, anahamisha. Nusu roli inamfikisha mbali. Mfundishe kukunja ncha kila akikata, vinginevyo kila baada ya dakika 2 utaitwa kuitafuta kwa kucha. Isikae saa nyingi upande wa jua, maana gundi huhamia kwenye siti na utingo hatakuchekea.

Cha pili ni kuchora. Kalamu za nta ziache nyumbani: zikikaa dirishani kwenye jua la mchana zinalegea, na doa lake kwenye nguo halitoki kirahisi. Kalamu za wino ndiyo kabisa. Nabeba penseli za rangi 6 tu, zenye pembe tatu kwa sababu hazibingiriki, na kichongeo chenye kisanduku cha kukusanya taka. Karatasi iwe kwenye ubao mdogo wenye kibanio, nusu ya A4, na kila penseli inayotumika ifungwe kwenye ubao kwa uzi wa sm 20. Uzi ukizidi hapo unaanza kujisokota na penseli nyingine. Cha tatu ni karata za picha za kulinganisha, jozi 8. Jozi 20 zinazouzwa dukani hazina mahali pa kutandazwa kwenye basi.

Unga wa kuchezea wengi huusifu. Mimi naubeba kidogo tu, kiasi cha yai moja kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza. Ukiutengeneza mwenyewe, ni kikombe 1 cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kikombe 1 cha maji, kijiko 1 cha mafuta na vijiko 2 vya maji ya limau, unakoroga kwenye moto mdogo mpaka ujikusanye. Tatizo ni chumvi. Inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo joto la Dar likiukuta kopo wazi, unga unanata kwenye vidole na siti. Huku baridi ya kuanzia Iringa unakuwa mgumu, na kabla ya kumpa inabidi uukande kwanza. Chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mtoto kuila, kwa hiyo mdogo akiwa macho, unga unabaki kopo limefungwa.

Mpango wa kuvitoa naufuata kwa barabara, si kwa saa. Mpaka Chalinze usitoe chochote. Watoto wameamshwa usiku, bado wana usingizi, na kuangalia malori kunatosha. Kopo na selotepu vinatoka baada ya hapo, mpaka Morogoro. Kila kichezeo nakifunga kwa gazeti la zamani. Kufungua gazeti nako kunakula dakika 5, na gazeti lenyewe linakuwa mpira mwepesi usiomuumiza mtu.

Mikumi hakuna kichezeo kinachotakiwa isipokuwa kadi moja iliyochorwa wanyama watano: tembo, twiga, pundamilia, swala na nyani. Barabara inapita ndani ya hifadhi kwa km 50 hivi, basi linatakiwa kupunguza mwendo, na mkubwa anaweka alama kila akimwona mmoja. Nyani hukosekana mara chache, maana hukaa kando ya lami kabisa. Tembo ni bahati, kwa hiyo usimwahidi. Viini viwili vya karatasi ya chooni vilivyobandikwa pamoja ndiyo darubini.

Kuanzia Ruaha Mbuyuni, mkishapita wauza vitunguu na mibuyu ile, kusanya kila kitu. Mbele ni mlima Kitonga na kona zake kali. Mtoto anayechora kwenye kona zile atatapika, na sababu yake ni rahisi: sikio la ndani linahisi mwili unayumba, macho yaliyoganda kwenye karatasi yanasema hakuna kinachotembea, na ubongo unachanganyikiwa. Simu inaleta matokeo hayo hayo. Mkalishe atazame mbali, mlimani. Hapa ndipo vitendawili vinapofanya kazi ambayo hakuna duka linaloiuza. "Kitendawili!" "Tega!" Nyumba yangu haina mlango, na kuendelea. Andaa 10 kabla ya safari, kwa sababu kichwani mwako mnamo saa 8 mchana utakumbuka hicho cha yai peke yake. Mfuko wa plastiki usio na tundu ukae mfukoni mwako, si kwenye begi la juu.

Stendi na vituo vya kula vina vishawishi vyake. Dirishani utaletewa baluni, filimbi na midoli ya plastiki inayonuka rangi. Baluni ikipasuka, kipande chake kinaganda kooni na hakitoki kirahisi. Kwa watoto wa umri huu nakataa bila mjadala. Filimbi ni kwa ajili ya adui yako. Hata vitafunwa vinavyotumika kama mchezo vichague: karanga na bisi hazifai kwa wa chini ya miaka 4 kwenye gari linaloruka matuta, ilhali ndizi mbivu au tende iliyotolewa kokwa na kukatwa vipande vidogo hazina shida hiyo.

Baada ya Ipogolo, pale Iringa, barabara inatulia na vichezeo vya mkubwa vinarudi: karata, kisha kuchora. Misitu ya misonobari ya Sao Hill inapoanza, mwache ahesabu malori ya magogo. Simu naitoa mwisho, Makambako kwenda mbele, giza likikaribia. Katuni ziwe zimeshapakuliwa nyumbani, kwa kuwa mtandao njiani hukatika, na mwanga wa kioo uwe wa chini. Sauti kubwa ya katuni ni kero kwa basi zima. Ama avae visikilizio vya watoto vinavyozuia sauti isizidi desibeli 85, ama aangalie kimya. Watoto hawajali sana.

Anayekwenda Dodoma kwa treni ya SGR, huduma iliyoanza 2024, apunguze mfuko kwa nusu. Treni haiyumbi kama basi, kwa hiyo kuchora kunawezekana njia nzima, na tochi ndogo ya betri za kawaida inapata kazi kwenye mahandaki upande wa Kilosa.

Kanga moja ipande juu ya siti, si kwenye buti. Ni pazia la jua, ni mchezo wa kujificha na kuonekana, ni shuka, na mkubwa anayeanza kusoma atafuata herufi za jina la kanga kwa kidole mpaka amalize. Chupa ya maji ya nusu lita yenye matone machache ya sabuni iwe na alama isichanganywe na ya kunywa. Kichezeo kilichogusa sakafu ya basi kinafutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji hayo kabla ya kurudi mdomoni. Na kati ya vile 6, viwili vibaki kwenye gazeti bila kufunguliwa mpaka mgeuze safari, kwa sababu kopo la kadi wakati wa kurudi litashikilia nusu ya muda lilioshikilia wakati wa kwenda.