Kujifunza kupiga picha kwa vitabu, chini ya jua la Kampala

Vitabu vya kujifunzia picha za dijitali vinafundisha kweli, ila vingi viliandikwa na watu wanaopiga picha chini ya jua lingine. Mimi nilijifunza kwavyo tu, bila darasa, nikiwa na kamera ya mtumba na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55. Kilichonivusha ni mambo mawili: kutofungua sura inayofuata kabla sijaijaribu ile niliyoisoma, na kupima upya hapa kwetu kila namba inayohusu mwanga au ngozi ya mtu.

Sura ya tundu la lenzi ndiyo inayowachanganya wengi, nami niliielewa kwa chupa tatu za soda. Zipange mezani karibu na dirisha, kila moja sentimita 12 nyuma ya mwenzake na pembeni kidogo. Weka kamera juu ya rundo la vitabu, mita 1 kutoka chupa ya katikati, modi ya A (kamera nyingine huandika Av), ambayo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi, lenzi kwenye 55, fokasi kwenye chupa ya katikati. Piga kwa f/5.6, kisha f/22 (namba ya f ikipanda, tundu linakuwa dogo). Kwa f/5.6 sehemu inayotoka wazi ni kama sentimita 7 tu, mbele na nyuma kwa pamoja, hivyo chupa mbili zinaingia ukungu. Kwa f/22 sehemu hiyo inafika kama sentimita 28, na lebo zote tatu zinasomeka. Sasa rudisha lenzi kwenye 18, tundu f/5.6, usihamishe kitu: kila kilicho kati ya sentimita 75 na mita 1.5 kiko wazi. Ndiyo maana mtu anafungua tundu lote, kama kitabu kilivyomwambia, na bado ukuta wa nyuma haufifii. Lenzi iko 18. Ivute hadi 55, msogelee unayempiga, na umtoe ukutani hatua nne au tano.

Kwa f/22 ndani ya nyumba shata, yaani pazia la ndani ya kamera, hukaa wazi hata sekunde kadhaa, kwa hiyo tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Na f/22 isiwe mazoea, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika na picha nzima inalegea. Kwa mandhari, f/8 au f/11 inatosha.

Kasi ya shata nilijifunzia barabarani, bodaboda zikipita. Kwa kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), lenzi ikiwa 55 zidisha kwa 1.6, unapata 88. Basi usishike kamera mkononi chini ya 1/100 ya sekunde. Mwanga ukipungua, panda ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600 bila woga. Chenga zinazoletwa na ISO kubwa hupunguzwa baadaye, mtikisiko hauondoki. Kumgandisha dereva wa boda taka 1/500. Ukitaka aonekane anakimbia, shuka hadi 1/30 na umfuate kwa kamera tangu kabla hujabonyeza hadi baada ya kubonyeza. Wengi husimamisha mkono pale shata inapolia, na hapo ndipo picha inapoharibika. Zoezi hili lifanye jioni au chini ya wingu. Kwenye jua la saa saba mchana, hata kwa f/22 na ISO 100, 1/30 inaingiza mwanga kupita kiasi.

Kuhusu jua lenyewe, vitabu vinasifu "saa ya dhahabu" asubuhi na jioni. Kwa London ya Desemba ni kweli, kwa kuwa huko jua la adhuhuri halivuki nyuzi 15 hivi juu ya upeo. Hapa kwenye ikweta linapanda karibu wima, na nyuzi hizo 15 linazimaliza kwa kama saa moja. Mwanga laini kabisa haudumu hata nusu saa. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, basi uwe umeshasimama mahali pako, na ISO na tundu umeshaviweka, kabla halijatoka.

Mchana mwingize mtu kivulini, lakini angalia ni kivuli gani. Chini ya mwembe ngozi hupata ukijani wa majani. Kwenye uwanja wa udongo mwekundu, wekundu hupanda hadi chini ya kidevu. Turubai la bluu nalo humpaka kila mgeni rangi yake. Baraza ya nyumba iliyopakwa chokaa ni bora kuliko vyote hivyo. Piga RAW (faili ghafi ya kamera), na katika picha ya kwanza mshikishe mtu karatasi nyeupe, ili nyumbani uwe na cha kusahihishia rangi.

Sura ya mita ya mwanga ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, na inastahili. Mita haijui inaangalia nini. Kila kitu inakichukua kuwa kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, mzee mweusi aliyevaa kanzu akijaza fremu, kanzu ndiyo inayotawala: kamera inaigeuza nyeupe kuwa kijivu, na uso wake unazama. Msogelee hadi uso peke yake ujaze fremu, inakuwa kinyume. Kamera inauangaza uso mpaka weusi wake mzuri unafanana na vumbi. Mifano mingi vitabuni ni ya ngozi nyeupe, na ukiifuata ilivyo utaharibu nyuso za watu wako.

Nifanyavyo ni hivi. Naweka kupima kwa nukta, yaani mita isome sehemu ndogo tu ya picha, napima shavu lililo upande wa mwanga, kisha nashusha mwanga hatua 1 (yaani unabaki nusu), au theluthi mbili ya hatua kwa ngozi ya maji ya kunde. Uso unabaki na rangi yake. Kanzu inakaa kama hatua 3 juu yake, na sensa inavibeba vyote viwili, mradi vyote viko kivulini au vyote viko juani. Bega likichomoza juani, kanzu pale inaungua na RAW haiiokoi. Mwombe mzee asogee nusu hatua. Usiuamini mwangaza wa kioo cha nyuma ukiwa nje. Tazama histogramu, ile grafu ya giza (kushoto) hadi mwanga (kulia): ikigandamana na ukingo wa kulia, shusha tena.

Vumbi la murram, ule udongo mwekundu wa barabara zetu, halina sura kwenye vitabu hivyo. Kubadilisha lenzi, zima kamera, elekeza mdomo wake chini, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Kila mwezi piga anga tupu kwa f/22. Vidoa vyeusi vinavyorudi palepale kila picha ni vumbi kwenye sensa. Lipulize kwa pampu ya mpira, kamwe si kwa mdomo, maana mate yakishagusa sensa utahitaji fundi. Msimu wa mvua lenzi zikae kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu. Begi la ngozi lililofungiwa kabatini ndimo ukungu unamoota ndani ya kioo.