Siku yangu ya kupima presha Malaba

Saa 11 na nusu alfajiri. Simu inaniamsha, moyo unaenda mbio. Alfajiri kotisoli, homoni ya msongo, hupanda yenyewe, ikafika kilele kama nusu saa baada ya mtu kuamka. Chai ya rangi, bodaboda, zahanati hapa mpakani mwa Kenya na Uganda.

Saa 4 asubuhi. Foleni ya malori leo ni ndefu mno. Anaingia dereva wa makamo kutoka Mombasa, shati limemganda mgongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, sista. Nipime upesi, siku ya tatu hii niko kwenye foleni."

Mkanda unajaa, unalegea: 172 kwa 104. Viganja vyake ni vya baridi, na jua lote hili. Damu imehama kwenye ngozi na tumbo, imekimbilia misuli. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo zimemwaga adrenalini, ini limeachia sukari, mate yamekauka. Mwili umejiandaa kukimbia, na mwenyewe yuko kitini siku tatu! Ndiyo maana siandiki dawa kwa kipimo kimoja cha mtu aliyetoka foleni.

"Egemea, mzee. Miguu chini, usiongee. Vuta pumzi, uitoe polepole zaidi."

Baada ya dakika kumi: 148 kwa 92. Imeshuka, lakini bado iko juu. Namsihi apime tena Kampala, siku nyingine, akiwa amelala vizuri. Nampa karatasi, anaikunja mara nne, anaitia mfukoni pamoja na leseni.

Saa 7 mchana. Ubishi wa kila wiki: madereva wanasema vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo. Mawazo huzidisha maumivu, nakubali, lakini vidonda vingi huletwa na bakteria na dawa za maumivu. Njooni mpimwe, jamani.

Saa 10 jioni. Kelele nje. Lori linarudi nyuma, na mtoto wa muuza ndizi yuko nyuma yake. Sikumbuki nilivyofika. Namvuta mkono, tairi linakanyaga kandambili yake. Mtoto mzima. Mimi ndiye ninayetetemeka hadi mama yake ananishika.

Saa 5 usiku. Adrenalini huisha kwenye damu kwa dakika chache, lakini kila nikiiona ile kandambili chini ya tairi, viganja vyangu vinapoa upya. Nimekaa kitandani, mgongo ukutani, natoa pumzi polepole.