Barabara imefika, na bei ya nyumba nayo

Sisi tuko Ndosho, kartie (mtaa) ya hapa Goma, Kongo, tangu 2009. Wakati ule avenyi yetu ilikuwa mawe ya volkano tu, motari (dereva wa pikipiki) akisikia unaenda wapi anakataa ao anakuomba mara mbili ya bei, na tukalilia barabara miaka yote ile.

Sasa kaburimbo (lami) imekaribia, taksi-bisi zinapita mpaka pale chini, na bayeri wetu, mwenye nyumba, akakuja asubuhi moja, akasalimia vizuri sana (hapo nikajua kuna kitu), akasema: "Mwanangu, si unaona vile kartie imekuwa muzuri, tuongeze kidogo." Kidogo yake ni kutoka dolari 50 mpaka 90. Na garanti (amana) ya miezi 6, mbele!

Si Goma tu. Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza 2016, Kimara mpaka Kivukoni, na mwenye nyumba karibu na kituo anajua thamani yake kabla hata wewe hujapanda basi. Ile nusu saa uliyookoa njiani, anaikata kwenye kodi.

Jirani yetu mama wa nyanya hakuweza. Akahamia kule ndani, mbali na barabara, na sasa kila alfajiri analipa motari amubebe na mzigo wake mpaka soko. Jana nilimukuta, akacheka akaniuliza: "Wanasema hata kwetu watatengeneza, ni kweli?" Nikashindwa kumujibu.